Shule ya viziwi yenye wanafunzi 71: namna ya kuzisoma namba zake kabla ya kumwandikisha mtoto

Swali la msomaji:

"Binti yangu ana miaka mitano na nusu, ni kiziwi tangu kuzaliwa. Anavaa shimesikio, vifaa vya kukuza sauti, masikio yote mawili lakini maneno hayasikii vizuri. Anatamka maneno kama thelathini, na tuna alama chache tulizobuni wenyewe nyumbani. Shule ya serikali ya viziwi iko mwendo wa saa tatu kwa gari, ni ya bweni. Nilisoma ripoti yake ya mwaka nikaingiwa na hofu. Wanafunzi ni 71 tu kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, wakati miaka ishirini iliyopita walizidi 200. Karibu nusu yao wana ulemavu mwingine mbali na uziwi. Gharama ya mwanafunzi mmoja ni mara nne ya shule ya kawaida, na kwenye matokeo ya mitihani madarasa mengi yamewekewa nyota badala ya namba. Shule ya msingi ya jirani iko tayari kumpokea. Wataleta mkalimani, na mwalimu wa viziwi atakuwa anamtembelea mara mbili kwa wiki. Mama mkwe anasema nikimpeleka kwa viziwi hatazungumza tena maisha yake yote. Je, ninampeleka mwanangu kwenye shule inayokufa?"

Jibu:

Mama, asante kwa kueleza kwa kina namna hii. Ndani ya hofu yako naona maswali matatu yaliyosukwa pamoja: kama shule yenye watoto wachache ni shule dhaifu, kama aina ya watoto waliomo itamrudisha nyuma binti yako, na kama lugha ya alama itamfunga mdomo. La tatu ndilo zito kuliko yote na nitalikalia kwa muda. Lakini nianze na ripoti, maana ndiyo iliyokunyima usingizi.

Namba 71 peke yake haikuambii kama shule ni nzuri au mbaya. Kwa mtoto kiziwi wa umri wa binti yako, namba ninayoijali kuliko zote haiandikwi kwenye ripoti hizi: ni watu wangapi, wakubwa kwa wadogo, ataweza kuzungumza nao moja kwa moja, bila mtu wa katikati, tangu anapoamka hadi anapolala. Katika shule nzuri ya viziwi yenye watoto 71, jibu linaweza kufika mia, ukihesabu walimu, wapishi, matroni na dereva wa basi. Katika shule nzuri ya kawaida yenye watoto 600, jibu linaweza kuwa watu wawili, na mmoja wao huja mara mbili kwa wiki. Swali hilo lishike mkononi, kwa sababu nitalitumia kupimia kila kitu kingine.

Sasa tuangalie kwa nini shule hizi zinapungua watoto. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia, kama wewe na mumeo. Uziwi haukai mtaa mmoja wala ukoo mmoja. Unatokea nyumba moja hapa, na nyingine kilomita nyingi mbele. Ndiyo maana tangu zamani shule hizi zilijengwa kukusanya watoto wa eneo kubwa na kuwalaza: ile ya Paris iliyoanzishwa na padri Charles-Michel de l'Épée yapata mwaka 1760, na ile ya Hartford, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1817. Idadi ya wanafunzi wake hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mwalimu mkuu hana uwezo nazo.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Mlipuko wa rubela, ugonjwa wa virusi unaomdhuru mtoto akiwa tumboni, wa mwaka 1964 na 1965 uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara ya ugonjwa huo, na wengi wao wakawa viziwi. Shule za viziwi zikafurika, zikajenga mabweni mapya na kuajiri walimu. Chanjo ya rubela ilipatikana mwaka 1969. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria iliyowapa watoto wenye ulemavu haki ya kusoma katika shule za umma za makwao. Kizazi kile cha rubela kikamaliza shule katikati ya miaka ya 1980, na mabweni yakabaki nusu tupu. Halafu kuanzia mwaka 1990 watoto wakaanza kuruhusiwa kupandikizwa koklea, yaani kuwekewa kwa upasuaji kifaa cha kusikia katika koklea, sehemu ya sikio la ndani, na wazazi wengi zaidi wakachagua shule za kawaida. Hakuna hata moja kati ya mambo haya linalosema walimu walianza kufundisha vibaya. Katika nchi nyingine hali ni kinyume kabisa: shule ni chache, watoto wanasubiri nafasi, darasa limejaa, na kujaa huko nako si dalili ya ubora.

Pia uliza 71 ni akina nani hasa. Shule nyingi za namna hii hutuma walimu kuwatembelea watoto viziwi walio katika shule za kawaida, hupima usikivu wa watoto wachanga, na hufundisha wazazi lugha ya alama. Watoto hao wanahudumiwa na wafanyakazi walewale na bajeti ileile, lakini hawahesabiwi kwenye uandikishaji. Sitashangaa kama huyo mwalimu wa mara mbili kwa wiki mliyeahidiwa ameajiriwa na shule hiyohiyo unayoiogopa.

Lakini sitaki kukupamba kwa maneno. Uchache una hatari zake, na hatari ya kwanza ni wenzake wa rika. Gawa 71 kwa ngazi zote kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, utapata wastani wa watoto watano kwa ngazi, na wastani huo unaweza kuwa unaficha darasa la watoto tisa na darasa la mtoto mmoja. Muulize mwalimu mkuu moja kwa moja: kuna watoto wangapi wa miaka minne hadi saba, wasichana wangapi, na wangapi kati yao hulala bwenini? Wakiwa sita au saba wanaocheza pamoja, inatosha kabisa kwa mtoto wa umri huu. Akiwa yeye na mvulana mmoja, hata mwalimu hodari hawezi kuziba pengo hilo. Hatari ya pili ni uamuzi wa serikali wa kuifunga shule au kuiunganisha na nyingine. Hilo nalo liulize waziwazi, na uliza uandikishaji wa miaka mitatu iliyopita katika madarasa ya chini, siyo wa shule nzima. Madarasa ya chini yakiwa yanajazwa, shule ina uhai, hata kama jumla inashuka kwa sababu wakubwa wanamaliza.

Nije kwenye lile la karibu nusu ya wanafunzi kuwa na ulemavu mwingine. Najua lilivyokushtua, lakini ni jambo la kawaida kwa watoto viziwi popote. Tafiti za Marekani zilizofuatilia wanafunzi viziwi kwa miaka mingi zimekuwa zikikuta takriban asilimia 40 wana hali nyingine inayogusa ujifunzaji. Sababu ni za kimwili: yaleyale yanayoharibu koklea mara nyingi hugusa na sehemu nyingine. Homa ya uti wa mgongo, kuzaliwa kabla ya wakati, virusi vya saitomegalo akiwa tumboni, manjano kali ya mtoto mchanga isiyotibiwa. Kila kimoja kinaweza kuleta uziwi pamoja na utindio wa ubongo, tatizo la macho au ugumu wa kujifunza. Uziwi wa kurithi usioambatana na kitu kingine, ambao ndio wa kawaida zaidi kati ya ule wa kurithi, huacha akili na mwili vikiwa salama. Isitoshe, neno "ulemavu mwingine" kwenye fomu linabeba mambo yasiyolingana, kuanzia mtoto anayevaa miwani minene hadi mtoto asiyeweza kula mwenyewe.

Kwa hiyo asilimia yenyewe isikutishe. Kinachofaa kujua ni jinsi wanavyowapanga. Je, mtoto mwenye usonji ana mwalimu na mpango wake, au anakalishwa nyuma ya darasa la binti yako huku mwalimu mmoja akikimbizana na wote? Nimeona shule zinazofanya jambo hili vizuri kiasi kwamba kila mtoto anapata haki yake, na nimeona nyingine ambazo darasa zima hushushwa hadi kwenye kasi ya mmoja. Utaligundua kwa kukaa darasani nusu saa.

Kuna kundi jingine ambalo ripoti huwa haina safu yake: watoto waliofika wamechelewa. Wapo wanaoingia wakiwa na miaka minane, kumi, hata kumi na mbili, wakiwa hawajawahi kupata lugha yoyote. Hawakuzaliwa na tatizo la akili. Hakuna aliyezungumza nao kwa njia inayowafikia, basi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kukosa namna ya kueleza jana na kesho, kuuliza kwa nini, au kusema tumbo linauma upande gani. Walimu hutumia miaka wakimjenga upya, na alama zake za mtihani huingia kwenye wastani wa shule kama za mwingine yeyote. Nakutajia hili si kwa ajili ya takwimu. Binti yako ana miaka mitano na nusu na maneno thelathini, na yuko karibu na njia hiyo kuliko unavyodhani.

Hapa ndipo mama mkwe wako anapohitaji kujibiwa kwa heshima, kwa sababu hofu yake inatoka kwenye mapenzi na imekuwepo kwa muda mrefu. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia. Karibu wajumbe wote walikuwa wasikiaji, na wakaamua kwamba watoto wafundishwe kwa matamshi tu, alama ziondolewe, kwa sababu hiyohiyo: eti zitawafanya wavivu wa kuzungumza. Shule nyingi duniani zilifuata uamuzi huo kwa miongo mingi, na vizazi vya viziwi vilimaliza shule bila matamshi yanayoeleweka wala lugha kamili ya aina yoyote. Mwaka 2010, huko Vancouver, kongamano hilohilo la kimataifa la elimu ya viziwi lilitamka majuto yake juu ya uamuzi ule.

Ubongo wa mtoto unatafuta lugha, na haujali kama inaingia kwa sikio au kwa jicho. Kwa viziwi wanaotumia lugha ya alama tangu utotoni, sehemu za ubongo zinazofanya kazi ni zilezile za upande wa kushoto zinazotumika kwa lugha ya sauti. Kitu kinachoharibu ni kuchelewa. Miaka ya mwanzo, takriban mitano, ndiyo ubongo hushika sarufi kwa wepesi. Baada ya hapo uwezo hauzimiki ghafla, ila kila mwaka unakuwa mgumu zaidi ya uliopita. Mtoto anayesikia wa umri wa binti yako anaelewa maelfu ya maneno. Yeye ana thelathini, tena si kwa uzembe wenu. Shimesikio hukuza sauti, haiwezi kurudisha sehemu ya sikio la ndani iliyokufa. Midomo nayo haimsaidii sana, kwa sababu sauti nyingi hutengenezwa ndani ya kinywa na kooni, mahali jicho halifiki. Mbele ya kioo, bila kutoa sauti, "baba" na "mama" hufanana kabisa.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu watoto waliopandikizwa koklea mapema na wanaosikia nayo vizuri: alama zinawasaidia kiasi gani kwenye matamshi, au haziwasaidii. Ni mjadala wa kweli. Lakini unahusu watoto ambao tayari lugha inawaingia kwa sikio. Binti yako amevaa vifaa na maneno bado hayaingii, kwa hiyo kumnyima alama sasa hakumpi matamshi. Kunamwacha bila chochote. Akipata lugha kamili ya alama, atakuwa na kitu cha kusomea, cha kuandikia, na hata cha kujengea matamshi, kwa sababu mwalimu wa matamshi ataweza kumweleza anachotaka afanye. Shimesikio aendelee kuzivaa. Wala usiache kuuliza hospitali, mwezi huu, kama anafaa kupandikizwa koklea. Ila ujue kwamba kwa mtoto aliyefika umri huu bila lugha ya sauti, kipandikizi humpa sauti za mazingira na msaada fulani, na mara nyingi hakimpi matamshi kama ya aliyepandikizwa akiwa na mwaka mmoja. Na hakibadilishi hitaji lake la lugha leo.

Shule ya jirani je? Ina mema yake ya kweli. Atalala nyumbani, atakua na ndugu zake, utamwona kila jioni. Kwa mtoto kiziwi ambaye tayari ana lugha imara, mkalimani mzuri na wenzake viziwi wawili watatu, shule ya kawaida inaweza kumfaa sana. Lakini tazama saa moja tu ya darasa kwa jicho la binti yako. Mwalimu anasema "fungueni ukurasa wa kumi na mbili, angalieni picha ya ng'ombe" huku akiendelea kueleza. Anayesikia anaangalia picha na kusikiliza kwa pamoja. Kiziwi ana macho mawili tu: akiinama kutazama picha, mikono ya mkalimani inampita, akimtazama mkalimani, picha anaikosa. Mtoto wa nyuma anarusha utani, darasa linacheka, mkalimani yuko sentensi mbili nyuma, na utani unapofika wengine wameshanyamaza. Mapumziko yakigonga, mkalimani naye anapumzika.

Na bado hilo silo kubwa. Mkalimani anahamisha ujumbe kutoka lugha moja kwenda lugha ambayo mtoto anaijua. Binti yako haijui lugha ya alama. Mnampa mkalimani wa kumfasiria kwenye lugha ambayo hajaipata, na ni vigumu mno kwa mtoto kujifunza lugha ya kwanza kwa kumtazama mtu mzima mmoja akifasiri maneno ya mwingine. Lugha ya kwanza hujengwa kwenye mazungumzo: kugombania mpira, kudanganywa na mwenzako, kusimuliwa, kukemewa, kusimulia. Nchini Nikaragua, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi walikusanywa katika shule moja mjini Managua. Walimu walikuwa wakisisitiza matamshi, lakini kwenye uwanja wa michezo na ndani ya basi watoto wenyewe walizichanganya alama za makwao, na waliokuja nyuma yao wakiwa wadogo wakazifanya lugha kamili yenye sarufi yake. Watoto wakiwa wengi kiasi cha kutosha, lugha huota. Mtoto mmoja na mkalimani hawatoshi.

Ndiyo maana, ukienda kutazama shule ya viziwi, nakushauri uulize kuna watoto wangapi wanaotoka kwenye familia za viziwi. Watakuwa wachache, labda wanne au watano kati ya 71, lakini wao ndio wanaoingia bwenini na lugha kamili kutoka nyumbani na kuisambaza kwa wengine. Hata enzi zile alama zilipopigwa marufuku darasani, usiku bwenini watoto hao walikuwa wakiwafundisha wenzao. Ukiongeza walimu na wafanyakazi ambao wenyewe ni viziwi, umeipata rasilimali kubwa kuliko zote za shule ya namna hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi ziajiri walimu wanaoimudu lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu. Shule ambayo walimu wote ni wasikiaji, na nusu yao huongea kwa mdomo huku wakitupia alama moja moja, ni shule ya viziwi kwa jina tu, hata ikiwa na kompyuta kwa kila mtoto.

Gharama ya mara nne haina siri kubwa. Watoto hawawezi kupangwa arobaini darasani, kwa sababu kila mmoja lazima amwone mwalimu na awaone wenzake wote wanaoongea. Hukaa nusu duara, sita hadi kumi. Kuna bweni, chakula, walezi wa usiku, usafiri wa mbali, mtaalamu wa usikivu, taa zinazowaka na kuzimika mlangoni na wakati wa hatari ya moto. Paa la bweni lililojengwa kwa watoto 200 linavuja vilevile hata wakibaki 71, na fedha za kuliziba hugawanywa kwa 71. Ungeniuliza fedha ziende wapi kwanza, ningesema kwa watu wazima wanaoijua lugha na kwa walezi wa usiku, kisha mengine yafuate.

Zile nyota kwenye matokeo maana yake ni kwamba kundi ni dogo mno kutangazwa hadharani. Wangeandika namba, ungeweza kumtambua mtoto fulani na alama zake. Hata zingeandikwa zingekupotosha: katika darasa la watoto wanane, mmoja akiamka na homa siku ya mtihani, kiwango cha kufaulu kinashuka kwa asilimia 12.5. Badala yake omba kuonyeshwa madaftari ya mtoto yuleyule, ya miaka miwili iliyopita na ya sasa, jina likiwa limefunikwa. Sentensi zimerefuka? Anaandika habari zake mwenyewe au ananakili ubao? Na hapa lazima niwe mkweli: usomaji ni kidonda cha elimu ya viziwi kwa ujumla. Nchini Marekani, kwa miongo kadhaa, majaribio yalionyesha kwamba kiwango cha kati cha usomaji cha viziwi wanaomaliza sekondari kilikuwa kama cha darasa la nne, na hesabu hiyo ilijumuisha waliosoma shule za viziwi na waliosoma shule za kawaida. Sehemu ya chanzo ni lugha iliyochelewa. Sehemu nyingine ni walimu wanaotarajia kidogo, na hao wapo pande zote mbili. Ukimsikia mwalimu akikuambia "kwa kiziwi, huyu anajitahidi", uliza maswali zaidi.

Bweni kwa mtoto wa miaka mitano na nusu ni jambo zito, na sitalifanya jepesi. Watoto wenye ulemavu hudhulumiwa zaidi ya wengine, na asiye na lugha hawezi kusimulia yaliyompata. Uliza nani analala na watoto wadogo, walezi wanaijua lugha ya alama kwa kiwango gani, wavulana wakubwa wanalala wapi, mtoto anamweleza nani akiguswa vibaya, na mzazi anaruhusiwa kuja bila taarifa? Mwalimu mkuu mzuri hatachukia maswali haya. Atakuwa na majibu tayari. Uliza pia kama kuna bweni la wiki, aende Jumapili jioni na kurudi Ijumaa, au kama mtoto wa chekechea anaweza kukaa na familia iliyo karibu. Familia nyingine huhama kwa miaka michache ya mwanzo. Najua kwamba wengi hawawezi, na sikuelezi hili ili ujilaumu.

Kitu kimoja hakibadiliki, uchague shule yoyote ile: wewe, mumeo, ndugu zake na bibi yake mtajifunza lugha ya alama, mkianza sasa. La sivyo atapata lugha shuleni, na kila likizo atarudi kwenye nyumba ambayo hakuna wa kuongea naye, na atakapofika miaka kumi na tatu hatataka kurudi. Si lazima muwe mafundi. Inatosha muwe mnamsogelea mbele kila mwezi. Mkaribishe na mama mkwe kwenye somo la kwanza. Wengi niliowaona wakipinga waligeuka siku mjukuu alipowaeleza kitu kwa mara ya kwanza.

Maoni yangu basi, kwa haya uliyonieleza: naelemea shule ya viziwi, kwa sababu ya umri wake na maneno yake thelathini, kwa masharti matatu utakayoyahakiki kwa macho yako. Kuwe na watoto wa rika lake wa kutosha kucheza nao, kuwe na watu wazima wanaoimudu lugha ya alama mchana na usiku, na kuwe na majibu ya kuridhisha kuhusu usalama bwenini. Sharti moja likikosekana, usimwandikishe kwa kulazimisha. Tafuta shule ya kawaida yenye kitengo cha viziwi, ambako watoto kadhaa wamekusanywa pamoja na mwalimu wao, kabla ya kukubali ile ya jirani ambako atakuwa peke yake. Na uamuzi wa sasa si wa maisha. Mpe mwaka mmoja, kisha apimwe lugha. Akishakuwa na lugha imara, akiwa na miaka tisa au kumi, shule ya jirani na mkalimani wake inaweza kumfaa kuliko leo.

Yapo mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kabla ya kuamua, apimwe lugha na mtu anayejua lugha ya alama; kipimo cha maneno ya mdomo pekee kitamwonyesha kama mtoto mwenye akili ndogo, na cheti hicho kitamfuata. Usikivu upimwe upya kama haujapimwa ndani ya mwaka huu, na kile kipande cha shimesikio kinachokaa ndani ya sikio kikaguliwe, kwa sababu sikio la mtoto hukua na kipande hicho hulegea. Akitoka usaha sikioni, akipoteza maneno aliyokuwa nayo, au kiasi kidogo anachosikia kikipungua ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Macho nayo yapimwe na daktari wa macho, hata kama anaona vizuri mchana. Baadhi ya watoto wanaozaliwa viziwi wana ugonjwa wa kurithi uitwao Usher, unaokula uwezo wa kuona polepole ukianzia gizani. Kama alichelewa kutembea hadi baada ya mwaka mmoja na nusu, au anajikwaa sana jioni, mtajie daktari hayo mawili kwa pamoja.

Kwenda kuitazama shule, epuka siku ya wageni. Omba siku ya kawaida ya masomo, nenda na binti yako, na hakikisha mpo wakati wa chakula cha mchana. Kaa pembeni ya ukumbi uhesabu ni watu wazima wangapi wanaongea na watoto kwa mikono, kisha mwache binti yako aende anakotaka. Jioni ukifika nyumbani, andika alifanya nini na nani, kabla hujampigia simu mtu yeyote kumuuliza maoni.